Gemu limegoma kufunguka? Soma logi kabla hujapiga Windows upya

Euro Truck Simulator 2 ndilo gemu linalochezwa kuliko yote nyumbani kwangu. Lilitoka mwaka 2012, watengenezaji wake ni SCS Software ya Jamhuri ya Czech, na mpaka leo bado wanaliongezea barabara na miji. Mpwa wangu wa kidato cha pili hana habari na malori. Yeye ameweka modi ya basi (modi ni nyongeza ya gemu iliyotengenezwa na watu wengine), na kila likizo akija kwangu Mbagala analitoa basi la mikoani Prague, analipeleka Rotterdam, honi juu, kama yuko barabara ya Morogoro. Kwa hiyo gemu lilipogoma Jumamosi moja ya Desemba, nyumba nzima ilijua.

"Mjomba, linafunguka halafu linajifunga."

Hakukuwa na ujumbe wowote. Unabonyeza Play kwenye Steam, ile programu ya kununulia na kufungulia magemu, kioo kinakuwa cheusi, nembo inatokea, kisha unajikuta umerudi kwenye Windows kama vile hukugusa kitu.

Kompyuta yenyewe ni ya mtumba, zile za mezani zilizotoka maofisini, niliinunua Kariakoo. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha 4, RAM ni GB 8, na haina kadi ya picha ya peke yake. Inategemea Intel HD 4600 iliyomo ndani ya prosesa. Mashine za aina hii zimejaa mitaani kwetu, na ndiyo sababu nimeona niandike kwa kirefu.

Nilianza kwa fundi. Hakuuliza tatizo lilianza lini, wala nini kilibadilika. Aliiwasha, akaona gemu linajifunga, akasema: "Window imechoka hii, kaka. Tupige upya, halafu uongeze kadi ya picha." Kupiga Windows elfu 40, kadi laki mbili. Iliniuma, kwa sababu Jumatano ya wiki ileile gemu lilikuwa linacheza vizuri kwenye mashine ileile. Kama kadi ingekuwa ndogo, ingekuwa ndogo tangu Jumatano. Na kupiga Windows upya maana yake ni kufuta kila kitu na kulishusha gemu zima tena, bando la mwezi linateketea kwa usiku mmoja. Nikaibeba kompyuta yangu nikarudi nayo nyumbani.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni ule ukaguzi wa faili ulio ndani ya Steam. Unabofya jina la gemu kwa kitufe cha kulia cha mausi, unaingia Properties, kisha Installed Files, halafu unabonyeza "Verify integrity of game files". Steam inalinganisha kila faili iliyo kwenye diski yako na ile inayopaswa kuwepo, na ikikuta iliyoharibika inaishusha hiyo tu. Hilo la "hiyo tu" ndilo linaloufanya ukaguzi huu uwe na thamani kwetu tunaonunua intaneti kwa vocha. Kwangu ilikuta faili 4 zimeharibika, na nakumbuka sababu: Alhamisi umeme ulikatika wakati gemu likijisasisha. Tangu siku hiyo nimenunua UPS ndogo, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, na kwa maoni yangu mtu mwenye kompyuta ya mezani Dar anunue UPS kabla ya kununua gemu lolote.

Faili zikarekebishwa. Gemu likagoma vilevile.

Hapo ndipo nilipofungua logi, yaani kumbukumbu ya gemu. Gemu hili linaandika kila linachofanya, hatua kwa hatua, kwenye faili inayoitwa game.log.txt, ndani ya folda ya Documents, kwenye folda yenye jina la gemu. Ukiibofya inafunguka kwa Notepad, huhitaji programu nyingine. Kila mstari unaanza na saa inayohesabu tangu gemu lilipowashwa, 00:00:01, 00:00:02, na makosa yamewekewa neno ERROR kwa herufi kubwa. Nilishuka mpaka chini kabisa, maana mistari ya mwisho ndiyo pumzi za mwisho za gemu kabla halijafa. Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Kabla sijamaliza kusoma, akanyoosha kidole kwenye kioo: "Mjomba, hilo si ndilo jina la basi langu?"

Lilikuwa lenyewe. Mistari ya ERROR ilirundikana mfululizo, na karibu yote ilitaja faili za ile modi ya basi. Alhamisi gemu lilipanda toleo, lakini modi ilitengenezwa kwa ajili ya toleo la nyuma. Gemu lenyewe halikuwa na ubovu. Wala kompyuta.

Nikahamisha folda yote ya mod, ile yenye faili zinazoishia na .scs, nikaiweka kwenye desktop. Play. Gemu likafunguka mara moja. Kisha tukazirudisha modi kwa mafungu, nusu kwanza, tunajaribu, halafu nusu ya pili, tunagawa tena, mpaka akabaki mhalifu mmoja. Modi zilikuwa 14, na kazi nzima ilituchukua kama saa moja. Nasisitiza jambo moja hapa: kabla hujatoa modi yoyote, nakili kwanza folda ya profiles kwenye flashi. Humo ndimo zilimo pesa, gereji na kilometa zote za mtoto, na ukifungua profaili bila modi ya gari analoliendesha, gari hilo linaweza kupotea.

Na kama modi unaipenda na mtengenezaji wake bado hajaisasisha, ipo njia nyingine. Kwenye Properties kuna sehemu ya Betas, na SCS wameacha humo matoleo ya zamani ya gemu. Unachagua la nyuma, Steam inalishusha, basi linatembea. Ila usitegemee profaili iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye toleo jipya ifunguke vizuri kwenye la zamani.

Wiki iyo hiyo, jirani aliposikia, aliniletea laptop ya mwanawe. Yeye gemu lake lilikuwa na ujumbe kabisa: MSVCP140.dll haipo. Dll ni faili ya maktaba ambayo programu huitegemea ili ifanye kazi. Alikuwa ameshaanza kuishusha hiyo dll peke yake kutoka kwenye tovuti asiyoijua. Nilimsihi aache. Faili ya namna hiyo hujui nani kaigusa, unaweza kuingiza virusi kwa mkono wako mwenyewe. Ile dll ni sehemu ya Visual C++ Redistributable, inatolewa bure na Microsoft wenyewe, na unaiweka zote mbili, ya x86 (biti 32) na ya x64 (biti 64). Magemu ya zamani yanayolalamikia d3dx9_43.dll dawa yake ni DirectX End-User Runtimes ya Juni 2010, nayo ni bure hapohapo Microsoft. Kuwa na Windows mpya hakusaidii, kwa sababu maktaba hizo za zamani haziji nayo.

Wa Windows 7 nao niwaambie: Steam iliacha kuihudumia tangu tarehe 1 Januari 2024. Msihangaike na draiva, zile programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta, wakati tatizo liko hapo.

Kwa upande wangu kilibaki kitu kimoja, kuchelewa. Gemu lilifunguka, lakini nilikuwa nachemsha chai kabla ramani haijatokea. Diski ilikuwa ile ya kuzunguka, ya GB 500, iliyokuja na mashine. Nikabadilisha, nikaweka SSD ya GB 480, diski isiyozunguka na iliyo na kasi zaidi. Pesa niliyoitoa ni chini ya nusu ya ile kadi ya picha niliyotajiwa, na ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye kompyuta hii. Picha bado naziweka za chini, siwadanganyi, HD 4600 ni ileile, lakini basi linatembea bila kukwama.

Ukaguzi wa faili wa Steam naupa nyota 5 kati ya 5. Logi ya SCS nayo 5, na natamani kila mtengenezaji wa gemu aandike logi inayosomeka na mtu wa kawaida namna ile.

Mwezi wa tatu mpwa wangu alinipigia simu kutoka Dodoma. Kwao wana laptop sasa, na gemu lilikuwa limegoma tena baada ya kusasishwa. Sikupata hata nafasi ya kuuliza. "Mjomba, logi ninayo hapa, nimeshaona mstari. Ni modi ya honi. Profiles nimeshanakili, naitoa sasa hivi."