Ndege ya rimoti ya shilingi 65,000 iliyomaliza ubishi wa shemeji

Niseme mapema: hii ndege sikumnunulia mtoto. Niliinunua kwa sababu ya shemeji yangu.

Shemeji ni dereva wa daladala, na kila tukikutana Jumapili ananirudia na swali lile lile. Ndege ikiwekwa juu ya mkanda unaokwenda kinyume, na mkanda ukaongeza kasi kadiri magurudumu yanavyozunguka, itaruka? Yeye anasema haitoki hapo ilipo. "Daladala yangu nikiipandisha kwenye huo mkanda, si matairi yatazunguka palepale?" Kwa daladala yuko sahihi. Kwa ndege nilimkatalia, tukawekeana chipsi kuku.

Kariakoo walianza na 85,000, tukamalizana kwa 65,000. Mwili ni foma jepesi, kama lile linalozuia televisheni isivunjike ndani ya boksi. Jina la kiwanda hakuna, maelekezo ni Kichina kitupu. Chaji inachukua saa moja na nusu, inaruka dakika 8. Waya wa chaji siku ya pili tu ukaanza kukatakata moto, nikaufunga solatepu. Ila magurudumu! Ukiyapuliza kwa mdomo yanazunguka yenyewe.

Jaribio la kwanza lilikuwa jim ya jirani, asubuhi kabla wateja hawajafika, juu ya mashine ya kukimbilia. Nilifunga uzi puani mwa ndege, mota imezimwa, mkanda tukauweka kilomita 5 kwa saa. Uzi ukakaza kidogo tu, kama umemfunga kifaranga. Tukapandisha hadi 10. Magurudumu yakalia ziii, lakini mvuto wa uzi ni uleule. Nikampa shemeji ashike mwenyewe. Akanyamaza, akaomba tushushe, akaomba tupandishe tena.

Ubishi wote uko kwenye ule uzi. Injini ya gari inazungusha matairi, na matairi ndiyo yanayoisukuma barabara. Magurudumu ya ndege hayasukumi kitu, yanafuata tu. Kinachoivuta ni rafadha, yaani lile panga linalozunguka puani, nayo imeshika hewa. Mkanda unaishia kuyazungusha magurudumu mbio zaidi, na msuguano mdogo wa ekseli ndio pekee unaoifikia ndege. Nilipowasha mota ilipanda ule mkanda kama haupo, ikagonga kibao cha mbele na kuvunja rafadha. Ndani ya boksi kuna ya akiba, hapo nawapongeza.

"Hapo imetembea, haijaruka," akasema shemeji. Haki yake.

Jioni tukaenda uwanja wa netiboli wa saruji, na turubai la mita 15 tulilofunga nyuma ya bodaboda. Bila turubai, ndege iliacha ardhi baada ya hatua 6. Tukaiweka juu ya turubai, bodaboda ikavuta kuelekea nyuma ya ndege, nami nikafungulia mota. Hatua 6 na kitu, hiyo juu! Wamarekani walishafanya hivyo mwaka 2008 kwenye televisheni, kwa ndege ndogo ya kweli yenye rubani ndani na turubai refu lililovutwa na gari. Nayo iliruka.

Dereva wa boda akauliza kwa nini basi wasijenge viwanja vifupi vyenye mikanda. Swali zuri, ila angalia zile hatua: mkanda haukutupunguzia hata moja. Bawa linataka hewa ipite juu na chini yake, na ndege ikisimama sehemu moja, hewa hiyo itatoka wapi? Ndiyo maana marubani hupenda kuruka wakiukabili upepo.

Nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ajili ya waya. Shemeji amelipa chipsi, kuku anasema mwisho wa mwezi. Ukienda kununua, zungusha magurudumu kwa kidole kabla ya kutoa hela. Yakikwaruza, mwambie muuzaji akutolee nyingine.