Stesheni ya Syokimau: uzoefu wangu wa treni ya asubuhi

Nilihamia Syokimau, nje kidogo ya mji wa Nairobi, kufuata nyumba, sikufuata reli. Kodi ilikuwa nafuu kuliko mjini na wakala alinihakikishia kwamba mjini si mbali. Kwa kilomita alisema kweli, ni kama 16 tu. Hakuniambia Mombasa Road inavyokuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu wa matatu. Siku moja ya mvua makanga alipandisha nauli mara mbili tukiwa tumeshakaa, kisha tukakwama Cabanas, magari yamezimwa injini, watu wanafuta ukungu kwenye vioo kwa kiganja. Nilifika kazini saa tatu na robo, viatu chapachapa. Mkubwa wangu hakuniuliza neno, alitazama tu saa ya ukutani. Jioni jirani yangu alinikuta ninaanika soksi akaniambia, "Dada, na treni iko hapo tu?" Kesho yake nikamfuata. Tangu siku hiyo sijaiacha.

Kwanza nieleze jambo linalowachanganya wageni wengi. Syokimau kuna stesheni mbili. Ninayoizungumzia hapa ni ile ndogo, ya treni ya mjini, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012. Ile kubwa yenye ukumbi mrefu ni Nairobi Terminus, inakofikia treni ya Madaraka Express kutoka Mombasa tangu mwisho wa Mei 2017. Ukimwambia mtu wa bodaboda "nipeleke stesheni" bila kufafanua, anaweza kukushusha kwenye ile kubwa, na treni yako ya mjini ikaondoka.

Watu huuliza mbona Madaraka Express isiendelee tu hadi katikati ya mji. Sababu iko chini, kwenye vyuma. Reli yake ina upana wa mita 1.435, na reli inayoingia mjini ni ile ya zamani ya mita moja, ya mpango ulioanzia Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Magurudumu ya moja hayakai kwenye nyingine. Kwa hiyo abiria wa Mombasa hushuka Syokimau, na anayetaka kwenda mjini kwa reli huhamia treni ndogo ya kuunganisha. Mimi napenda kwamba treni yangu ya kila siku inapita kwenye upana uleule uliozaa mji huu, maana kabla ya reli Nairobi ilikuwa uwanda wa maji baridi na malisho ya Wamaasai.

Sasa huduma yenyewe. Wenye magari wanaegesha pale pale stesheni, na hilo ndilo lililowavuta majirani zangu wengi. Mimi natoka nyumbani kwa miguu gizani, nakunywa chai ya maziwa kwa mama mmoja nje ya lango, mandazi nafunga kwenye gazeti. Jukwaa liko sambamba na mlango wa behewa, hivyo mzee mwenye fimbo au mama mwenye mtoto mgongoni hapandi ngazi ya kumtesa. Fika mapema ukitaka kiti cha dirishani. Treni ikitoka inapita Imara Daima, halafu Makadara, na kwenye Mukuru nyumba za mabati ziko karibu kiasi kwamba unaona mtu anapiga mswaki mlangoni, beseni liko miguuni, na watoto wa shule wanasubiri ipite ndipo wavuke. Mpaka tunafika mjini bado nina muda wa kutembea kwenda kazini bila kuhema.

Ninachothamini zaidi ya yote ni uhakika. Mvua inyeshe, lori lipinduke Mlolongo, reli haina foleni. Nauli naijua kabla sijatoka nyumbani. Hata barabara ya juu ya kulipia, iliyoanza kutumika Mei 2022, haikunirudisha barabarani, kwa sababu mimi sina gari.

Maana ya jina la mahali hapa niliipata vizuri kutoka kwa mama yangu. Yeye husafiri na treni inayosimama vituo vya njiani, anapandia Emali, na mchana namkuta Nairobi Terminus ameketi juu ya gunia lake la maembe. Safari moja alilala kwangu, asubuhi nikaja naye kwenye stesheni yetu ndogo. Treni ilipoingia na taa yake katikati ya ukungu alinishika mkono akasema, "Nzoka." Kisha akanisimulia, tumesimama pale jukwaani, habari za Syokimau, nabii wa Wakamba, aliyewaambia watu kabla ya wageni kuja kwamba anamwona nyoka mrefu anayetoa moto na moshi, ananyooka kutoka maji hadi maji, na pamoja naye watu wa rangi ya nyama waliobeba moto mifukoni. Moto wa mfukoni ni kiberiti, mama alinifafanulia, kana kwamba mimi ni mtoto wa darasa la pili. Nilikuwa nimelisoma jina lile ubaoni kila siku bila kumfikiria mwanamke huyo hata mara moja. Natamani pale stesheni pangekuwa na kibao cha kumweleza, hata kifupi, kwa watoto wanaopita.

Kwa anayefikiria kuanza: safari ni za asubuhi kuelekea mjini na za jioni kurudi, kwa hiyo hakikisha ratiba kwanza, hasa kama kazi yako ni ya zamu. Ukifanya kazi viwanda vya Industrial Area, Makadara itakufaa kuliko kufika mwisho. Ukienda Westlands au Upper Hill, utashuka stesheni kuu na kuunganisha kwa matatu pale Railways, na hata hivyo bado utamtangulia aliyetoka Syokimau kwa barabara saa ileile.