Toyota GT86: gari moja la kwendea kazini na la kukimbiza kwenye sakiti

Anayetafuta gari moja la kumfikisha kazini Jumatatu na kumzungusha kwenye sakiti, yaani uwanja wa mbio za magari, Jumamosi huanza kuulizia nguvu ya injini. Aanze na uzito. Matairi, pedi, diski na mafuta ya breki vyote huisha kwa kadiri ya uzito ambao gari linalazimika kuusimamisha kabla ya kila kona. Toyota GT86, na pacha wake Subaru BRZ, lina kilo takriban 1,240 tu, na hapo ndipo linapoyapita magari mengi yenye nguvu zaidi. Subaru WRX STI, kipenzi cha vijana wa Nairobi, inapita kilo 1,400 na ina tabo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini, inayopika kila kilicho chini ya boneti. Kwa mzunguko mmoja STI itaiacha GT86 mbali. Kwa siku nzima ya kukimbia, halafu kurudi nyumbani na gari lile lile, mwenye GT86 atatumia pesa kidogo na atajifunza mengi.

Injini ni boksa, yaani pistoni zake zimelala ubavu zikitazamana, ya lita 2.0 isiyo na tabo, nguvu ya farasi 200 kwa mizunguko 7,000 kwa dakika. Injini imelala chini, gari linasukumwa na matairi ya nyuma, na usukani unakuambia tairi la mbele linafanya nini kabla halijateleza. Ubaya wake unaonekana barabarani: kati ya mizunguko 3,000 na 4,500 hivi nguvu inalegea. Ukitaka kulipita lori mlimani kwa gia ya nne, gari linasinzia. Shusha gia hadi ya tatu, au hata ya pili, ndipo liamke. Toleo la 2017 na kuendelea la gia za mkono liliongezewa nguvu kidogo na difu yenye uwiano mfupi zaidi. Halikuondoa tatizo, ila limelipunguza, na kama bajeti inaruhusu hilo ndilo la kuchukua.

Kwa maisha ya kila siku si gari la kutesa. Kwenye barabara ndefu hunywa lita 7 hadi 8 kwa kilomita 100; kwenye sakiti tegemea mara mbili hadi tatu ya hapo. Buti ni la lita 243, dogo, na viti vya nyuma ni vya mkoba au mtoto mdogo. Lakini ukilaza kiti cha nyuma, matairi manne yenye rimu zake yanaingia ndani pamoja na jeki na spana. Kwa mwenye gari moja hili ni jambo kubwa, maana hahitaji trela wala rafiki mwenye pikapu. Chini gari lina nafasi ya sentimita 13 hivi. Matuta ya kawaida linayapita ukiyaendea pole pole. Ukibadilisha springi kulishusha sentimita tatu, utakwaruza kila tuta la mtaani na kwenye sakiti hutapata sekunde yoyote ya maana. Liache lilivyo.

Unaponunua lililotumika kutoka Japani, angalia mambo haya. Daraja la G lilikuja na rimu za inchi 16 na breki ndogo; linafaa kwa mjini, halifai kwa sakiti. Gia ya pili huwa ngumu asubuhi oili ya giaboksi ikiwa baridi. Hiyo ni tabia yake. Ikikwaruza hata gari likishapata moto, sinkronaiza, pete zinazosaidia gia kuingia kwa ulaini, zimechoka. Mlio mwembamba kama wa ndege unaopotea ukikanyaga klachi ni beringi ya klachi. Halihitaji kukimbiliwa, ila jumlisha gharama ya kushusha giaboksi kwenye bei.

Kwa magari ya 2012 na 2013 kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2018 yaliitwa kiwandani kubadilishwa springi za valvu zilizoweza kukatika. Kazi hiyo inataka injini itolewe, kwa kuwa ni boksa na vichwa vyake vimebanwa pembeni. Ziliripotiwa injini zilizokufa baada ya marekebisho hayo kwa sababu silikoni ya kuziba maungio, iliyopakwa kupita kiasi, ilidondoka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikaziba chujio la pampu ya oili. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo magari ya miaka hiyo yaliyopo yameshatembea nchini. Mwambie fundi ashushe sampu achungulie chujio. Ni kazi ya saa chache, na gasketi yake ni silikoni mpya iliyopakwa kwa uzi mwembamba.

Sasa breki, maana hapo ndipo gari hili linapomwangusha mgeni. Diski za mbele ni za milimita 294, zinatosha. Pedi za kiwandani na mafuta ya breki ya kawaida havitoshi. Mizunguko mitatu au minne ya kasi na pedi zinaanza kutoa moshi. Mzunguko unaofuata pedali inakuwa laini na kushuka karibu na sakafu. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na tiba zake ni tofauti. Pedali ikibaki ngumu lakini gari halisimami, pedi zimepita joto lake. Pedali ikizama kama sifongo, mafuta yamechemka na kuna mapovu ndani ya mabomba.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4, daraja la kawaida la mafuta hayo, ikiwa mpya kabisa inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, lakini ikishalewa maji kiwango cha chini kinashuka hadi nyuzi 155. Ndiyo maana chupa iliyokaa wazi gereji miezi sita ni ya kutupwa. Kwa sakiti nunua mafuta ya mashindano, kama Motul RBF 600, yanayochemka kupita nyuzi 300 yakiwa mapya. Lita moja inatosha kuosha mfumo mzima: anza na gurudumu lililo mbali na pampu, maliza na la karibu, na usiache chombo cha juu kikauke hata mara moja. Usitie DOT 5 ya silikoni. Haichanganyiki na haya mengine. Mwenye kwenda sakiti ayabadilishe angalau kila mwaka, na atoe hewa kabla ya kila siku ya kukimbia.

Pedi chagua zinazouma hata zikiwa baridi. Ferodo DS2500 zinafanya kazi pande zote mbili, ingawa hupiga kelele kidogo kwenye foleni. Pedi za mashindano kamili ni hatari asubuhi ya mvua unapokwenda kazini, kwa sababu hazishiki mpaka zipate moto. Zikibaki nusu ya unene, zitoe kabla ya siku ya sakiti: pedi nyembamba inapeleka joto moja kwa moja kwenye pistoni, na kutoka hapo kwenye mafuta. Diski ya mbele ikiwa mpya ina milimita 24. Ikifika 22, badilisha.

Injini nayo ina adui mmoja, joto la oili. Kwenye sakiti, siku ya jua, oili hupita nyuzi 120 baada ya dakika kumi hivi na inaendelea kupanda. Geji ya kwenye dashibodi ni ya maji na haitakwambia chochote. Kifaa kidogo cha OBD, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, pamoja na simu vinalisoma joto la oili vizuri. Oili ya 0W-20 ni nyepesi, ya kubana mafuta; kwa sakiti weka 5W-30 ya sintetiki, iliyo nzito zaidi, lita 5.4 pamoja na filta, na uibadilishe baada ya siku mbili au tatu za kukimbia badala ya kusubiri kilomita. Ikifika nyuzi 130, punguza na uingie pembeni. Ukiona unakwenda mara kwa mara, funga rejeta ya oili, lakini iwe yenye thamostati, vali inayofunguka oili ikishapata moto. Isiyo na thamostati itaiacha oili baridi kwenye safari fupi za mjini, maji na petroli visigeuke mvuke na kutoka humo, na injini itachakaa kwa sababu ya kifaa ulichofunga kuilinda.

Matairi ya kiwandani, Michelin Primacy HP ya 215/45R17, ni magumu na huteleza mapema kwa makusudi. Kwa anayejifunza ni mwalimu mzuri: gari linateleza kwa mwendo mdogo na linarudi kwa upole. Yakiisha, 225/45R17 inaingia kwenye rimu zile zile. Michelin Pilot Sport 4 inatosha kwa wote wanaokwenda sakiti mara chache kwa mwaka na inaaminika kwenye mvua. Matairi laini ya nusu mashindano yanahitaji seti ya pili ya rimu, maana kwenye maji yaliyotuama barabarani hayana mifereji ya kutosha.

Kinachoua matairi ya mbele hasa ni alaimenti, yaani pembe za matairi. Toka kiwandani tairi la mbele limesimama wima, karibu nyuzi sifuri, kwa hiyo kwenye kona linalalia bega la nje mpaka waya za ndani ya mpira zionekane, huku katikati mpira ukiwa bado mzima. Bolti za kurekebisha mlalo zinakupa nyuzi 1.5 hivi za kuingia ndani kwa juu, na bei yake ni ndogo kuliko tairi moja. Weka mbele nyuzi 1.5 hadi 2 na ncha za matairi ziwe sambamba kabisa, sifuri. Wengi wanalaumu mlalo kwa kula tairi upande wa ndani. Mlaji mkubwa ni matairi yanayotazamana au kupeana mgongo.

Siku yenyewe, anza na upepo wa 2.0 bar matairi yakiwa baridi. Ukitoka, pima papo hapo na punguza hadi 2.3 au 2.4 yakiwa na moto. Kabla ya kurudi nyumbani yajaze tena. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), Nm 120, na rudia baada ya kipindi cha kwanza. Mzunguko wa mwisho uwe wa pole, bila breki. Ukiegesha, weka gia na kabari kwenye gurudumu, usivute hendibreki wala kukalia pedali: pedi ya moto ikibanwa mahali pamoja huacha alama yake juu ya diski, na kesho yake usukani unatetemeka ukifunga breki kwenye barabara kuu. Wengi hukimbilia kuchonga diski zilizo nzima kwa sababu hiyo. Soma pia bima yako. Nyingi hazilipi ajali ya sakiti.

Mrithi wake, GR86 la lita 2.4, limeondoa ule usinzio wa katikati: Nm 250 za msokoto zinapatikana kuanzia mizunguko 3,700. Barabarani ni gari bora waziwazi. Ila nalo limekutwa na vipande vya silikoni kwenye chujio la oili, na wanaokimbia wamelalamikia shinikizo la oili kuanguka kwenye kona ndefu za kulia. Kama utalinunua kwa ajili ya sakiti, shusha sampu kabla ya siku ya kwanza, na oili iwe kwenye alama ya juu ya kijiti, si katikati.