Panettone ya mkono ya euro 38: nimeila nyumbani, na nitainunua tena

Euro 38 kwa mkate mmoja wa kilo. Nilipomtajia bei dada yangu aliyeko Malindi, alinyamaza kidogo kisha akasema kwa pesa hizo angepika mkate wa sinia wa kutosha mtaa mzima. Ni kweli kabisa. Mimi mwenyewe, kwa miaka mitano hapa Milano, nilikuwa nanunua ile ya supamaketi ya euro tano au sita, maana panettone ni mkate mtamu wa Krismasi wa mji huu na ikifika Desemba watoto wanaidai. Ila sikuwahi kuipenda. Kila mwaka nilikata kipande kimoja, nikakiona kikavu, kinanukia vanila kupita kiasi, nikarudi kwenye chai yangu.

Mwaka jana nikaenda bekari ya mtaani kwetu kuagiza ile inayotengenezwa kwa mkono. Siku ya kuichukua, mwokaji aliniruhusu nichungulie jikoni. Mikate iliyotoka tanurini ilikuwa imening'inizwa kichwa chini, safu kwa safu, kama popo kwenye mwembe, kila mmoja umechomwa vijiti viwili vya chuma upande wa kitako. Unga wake umebeba siagi na viini vya mayai vingi mno. Ukiuacha wima ungali moto, katikati panabonyea. Basi unalala hivyo hivyo usiku kucha mpaka upoe.

Aliyewahi kupika mkate wa sinia atanielewa. Mama alikuwa akifunika rojo la mchele na tui kwa kitambaa, akitukataza kukimbia karibu na jiko hadi liumuke. Hapa subira ni ya siku mbili na zaidi. Hamira ya pakiti haiumui mkate huu. Kuna chachu ya unga na maji, wenyewe wanaiita lievito madre, inayotunzwa kama kitu hai. Kabla ya kazi kuanza inalishwa unga mpya mara tatu. Donge la kwanza linaumuka usiku mzima hadi lijae mara tatu. Asubuhi linakandwa upya kwa viini, sukari na siagi zaidi, ndipo zabibu na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari yanaingia, halafu linawekwa kwenye karatasi ngumu ya duara na kungojewa tena kwa saa kadhaa. Kuoka kwenyewe, kwa mkate wa kilo, ni kama dakika 50 tu. Nilipojua hayo, bei ikaanza kunielea.

Jina lenyewe Italia wamelilinda kwa sheria ya tarehe 22 Julai 2005. Mkate hauitwi panettone bila chachu ya asili, siagi isiyopungua asilimia 16, viini vya mayai asilimia 4, na zabibu na maganda asilimia 20. Kwa hiyo hata ile ya bei nafuu lazima itimize hayo, na sitasema ni mbaya. Tofauti niliiona kwenye lebo. Ile ya kiwandani inakaa miezi, na mara nyingi imetiwa viungo vya mafuta ambavyo lebo haisemi vimetoka kwa mnyama au kwa mmea. Mimi ni Mwislamu, jambo hilo lilikuwa linanikosesha raha. Hii ya bekari ilikuwa na siagi, mayai, unga, sukari, asali, vanila na matunda, basi, na tarehe yake ya mwisho ilikuwa siku 30.

Sasa sikiliza namna ya kuila, kwa sababu kosa langu la miaka yote lilikuwa hapa. Nilikuwa naila baridi. Bibi ninayemtunza kazini, Mmilano wa kuzaliwa, ndiye aliyeniambia: "Iweke karibu na hita, ikiwa kwenye mfuko wake, kwa muda wa saa mbili." Karibu, si juu ya hita. Siagi iliyoganda inalainika, na ukifungua mfuko harufu inajaa chumba kizima. Nilitumia kisu chenye meno, nikakata kuanzia juu hadi chini, vipande vya pembetatu virefu. Kile cha kwanza sikukiuma; nilikivuta kwa vidole. Kikaachana nyuzi nyuzi, ndefu, za manjano ya kiini, na vidole vikabaki na mng'ao wa siagi. Mdomoni kinayeyuka, halafu ganda la chungwa linakuja na uchungu wake mdogo unaokata utamu. Wenyeji hunywea mvinyo mtamu. Kwetu ilikuwa chai ya maziwa yenye tangawizi, na nathubutu kusema inaifaa sana.

Sikupenda jambo moja: matunda yalikuwa yamezama, kipande cha juu kina zabibu mbili tatu na cha chini kimejaa. Mwanangu mdogo aliyatoa maganda yote akayapanga ukingoni mwa sahani. Kama watoto wako hawayapendi, nunua pandoro ya Verona, haina matunda kabisa na siagi yake ni nyingi zaidi. Na ukishaikata, funga mfuko vizuri, usiiweke kwenye friji, uimalize kwa siku tatu nne. Yetu haikufika hata siku ya pili.

Kipande kimoja tu ndicho kilichobaki, nacho nilimpelekea yule bibi. Hakukila. Alikifunga kwenye kitambaa akakiweka kabatini, kwa kuwa Wamilano huhifadhi kipande cha Krismasi hadi tarehe 3 Februari, siku ya mtakatifu San Biagio, wakakila asubuhi ili koo lisiugue mwaka huo. Siku hiyo ilipofika kilikuwa kimekauka kama biskuti. Nilikipasha kwenye kikaango na siagi kidogo hadi kingo zikawa kahawia, nikamletea mezani. Akakikata katikati, akanisogezea nusu yenye zabibu nyingi.