Mtaalamu wa mikataba ya bima kwa hospitali binafsi: unalipia nini hasa?

Huduma tunayoipitia hapa ni ya kumkodi mtu akae mezani na kampuni za bima kwa niaba ya zahanati, polikliniki au hospitali binafsi Tanzania. Anajadili bei, anasoma mkataba kifungu kwa kifungu, na anarudi mezani muda wa mkataba ukiisha. Wengine hujiita washauri, wengine huajiriwa kabisa na kukaa ofisi moja na watu wa madai. Akiwa mzuri, gharama yake inarudi mapema. Akiwa mtu wa bei tu, utapata jedwali la kuvutia na akaunti ya benki ile ile.

Fanya hesabu. Kituo kinaidai bima moja shilingi milioni 20 kwa mwezi. Nyongeza ya bei ya asilimia 8 inaleta milioni 1.6. Makato, yaani sehemu ya madai ambayo bima inakataa kulipa, yakishuka kutoka asilimia 15 hadi 5, ni milioni 2, na hakuna bei iliyopanda. Malipo yakiwa yanakuja siku ya 90 na sasa yakaja siku ya 45, madai ya mwezi mmoja na nusu, yaani milioni 30, yanarudi kwenye mzunguko kununua dawa na kulipa mishahara. Ajabu ni kwamba vikao vingi huishia kwenye ile ya kwanza, nyongeza ya bei.

Kazi nzuri inaanza kabla ya kikao. Mtaalamu anayejua kazi ataomba madai ya miezi 12, yaliyolipwa na yaliyokatwa, huduma moja moja. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa ndipo vituo vingi vinapokwama: madai yametumwa lakini sababu za kukatwa hazikuandikwa popote. Kisha atatafuta huduma 20 au 30 zinazobeba sehemu kubwa ya mapato, apate gharama halisi ya kila moja (kitendanishi, muda wa mtumishi, umeme, uchakavu wa mashine), ndipo aandike pendekezo. Akianza kwa kuomba asilimia 20 juu ya kila kitu, mwache. Upande wa pili wa meza kuna watu wenye takwimu za vituo vyote vya mji wako, na watamuuliza swali moja tu: kwa nini?

Mkataba wenyewe ndio mahali pa kumpima. Kuna kifungu kinachosema malipo yatafanyika ndani ya siku 30 tangu kupokelewa kwa madai yaliyokamilika. Neno hilo la mwisho ndilo linalokula pesa. Nani anaamua kwamba dai limekamilika? Bima ikirudisha fomu siku ya 28 kwa sababu ya sahihi moja, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Dawa yake ni sentensi moja: kasoro itajwe kwa maandishi ndani ya siku 10, vinginevyo dai limekubaliwa, na kasoro ya dai moja isizuie kulipwa kwa mengine ya mwezi huo.

Makato nayo yatajwe dai kwa dai pamoja na sababu, kituo kipewe muda wa kukata rufaa, na bima isiruhusiwe kurudi nyuma miaka miwili kudai pesa iliyokwisha kulipa. Kibali cha awali, yaani ruhusa ya bima kabla ya huduma kutolewa, kiwe na saa za kujibiwa, na mkataba useme wazi kwamba kibali kikitolewa, huduma ile haikatwi baadaye kwa madai kwamba haikuwa ya lazima. Punguzo si dhambi, ila lifungwe kwenye tarehe: asilimia 5 kwa malipo ya ndani ya siku 30, siku ya 31 halipo. Punguzo lisilo na sharti ni danganya toto.

Mtego mwingine ni kifungu cha bei nafuu kuliko wote, kinachokuzuia kumpa mteja yeyote bei iliyo chini ya ile ya bima. Kinaonekana hakina madhara, mpaka ukaguzi ukute risiti ya mgonjwa wa taslimu aliyepunguziwa kwa huruma. Kifutwe, au wagonjwa wa taslimu watajwe kuwa nje yake.

Malipo ya mtaalamu yanahitaji akili pia. Anayelipwa sehemu ya ongezeko la bei atakuletea ongezeko kubwa kwenye huduma zisizo na wateja, maana bima haiumii kuziachia. Afadhali ada ya mkupuo, kisha kiasi kidogo kinachotegemea pesa iliyoingia benki baada ya miezi sita.

Kwa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, usimkodi mtu kwa ajili ya bei. Mfuko unatumia kitita kimoja, yaani orodha moja ya huduma na bei zake, na kituo kimoja hakina nguvu ya kukibadilisha. Kitita kipya kilipoanza Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali kubwa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko, na hoja za bei zikabebwa na APHFTA, chama cha vituo binafsi. Kwa NHIF mtaalamu ana maana kwenye usahihi wa fomu na misimbo ya magonjwa tu, na kazi hiyo afisa madai makini anaiweza.

Anayefaa ni nani? Mara nyingi ni aliyewahi kuhakiki madai upande wa bima, au muuguzi au mfamasia aliyejifunza hesabu. Mwanasheria peke yake hatoshi, maana atalinda kifungu cha usuluhishi na kupitisha jedwali la dawa bila kuuliza bei ikipanda bohari itakuwaje. Kwa anayeitaka kazi hii, miaka miwili kwenye dawati la madai itamfundisha mengi kuliko kozi.

Huduma nyingi huharibika baada ya sahihi. Jedwali jipya linabaki kwenye barua pepe, mapokezi wanaendelea kutoza bei ya zamani, na mfumo wa bima una majina yake. Maabara yako inaandika FBP (kipimo cha picha kamili ya damu), bima imeandika jina jingine la kipimo hicho hicho, mfumo hauoni vinavyofanana, dai linakatwa. Ukinunua ultrasound mwezi wa tatu wa mkataba na isiingizwe kwenye kiambatisho, kila picha unayopiga ni ya bure. Kwa hiyo usimalize kumlipa ile ada ya mkupuo siku ya sahihi. Subiri madai ya mwezi wa kwanza yalipwe, kaa naye na stetimenti ya bima, mpitie mstari kwa mstari dhidi ya jedwali mlilokubaliana.