Xiaomi TV Box S ya kizazi cha pili: wapi inatosha, wapi inapwaya, na boksi lijalo lilete nini

Mtu akiingia dukani kuulizia boksi la TV, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, mahitaji yake kwa kawaida ni manne. Flati yake ya zamani ipate YouTube na Netflix bila yeye kununua TV nyingine. Picha isigande mshambuliaji akiwa ndani ya kumi na nane. Rimoti isimpe tabu bibi wala mjukuu. Na boksi lenyewe lisianze kuchoka kabla ya mwaka. Xiaomi TV Box S ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2023, inatimiza matatu ya kwanza vizuri na inakwama kwenye la nne. Sababu ya kukwama ni hifadhi yake: GB 8 tu.

Ndani ya kasha kuna boksi, rimoti, adapta ya umeme na waya wa HDMI. Betri mbili za AAA nunua mwenyewe. Angalia pia plagi: mizigo mingi inayoingia huku huja na plagi ya pini mbili za mviringo, na kuilazimisha kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa kijiti ni hatari. Kigeuzi kizuri cha plagi ni bei ndogo.

Boksi linatumia Google TV, prosesa ya kore nne za Cortex-A55, RAM ya GB 2, Wi-Fi ya bendi mbili na Bluetooth 5.2. Linatoa picha ya 4K, Dolby Vision na HDR10+ (mifumo ya kuboresha mwanga na rangi za picha), na linasoma AV1, mfumo wa kubana video ambao YouTube inautumia sana sasa. Mi Box S ya 2018 haisomi AV1, kwa hiyo usikubali kuuziwa ile ya zamani kwa bei ya hii. Majina yanafanana mno. Geuza boksi usome namba chini yake: ya 2018 ni MDZ-22-AB, ya kizazi cha pili ni MDZ-28-AA.

Nyuma kuna HDMI moja, USB 2.0 moja, tundu la umeme na tundu la sauti la milimita 3.5. Hilo la sauti wengi hawalioni, na ndilo linalookoa wenye sabufa: waya wa 3.5 kwenda RCA mbili, nyekundu na nyeupe, na sauti inatoka bila kupitia spika dhaifu za TV. Mwenye TV ya chogo ajue kwamba hakuna AV hapa. Atahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda AV chenye umeme wake, na hata hapo maandishi madogo ya menyu atayasoma kwa shida.

Kasi ni ya kuridhisha. Kutoka skrini ya mwanzo hadi YouTube hakukeri, mradi hifadhi haijajaa na hujafungua programu nne kwa mpigo. Rimoti inaongea na boksi kwa Bluetooth, hivyo unaweza kulificha boksi nyuma ya TV na bado likasikia.

Sasa tuje kwenye swali linaloulizwa kila siku dukani: kwa nini nilipe zaidi kwa GB 2 na 8 wakati pembeni yake kuna boksi lililoandikwa RAM 8, hifadhi 128, 8K na 5G, kwa nusu ya bei?

Kwa sababu maandishi ya kwenye kasha hayakaguliwi na mtu. Maboksi ya aina ya MXQ Pro yanatengenezwa na viwanda tofauti chini ya jina moja, na mengi ndani yake yana chipu za zamani na RAM ya GB 1. Mfumo umehaririwa ili ukifungua ukurasa wa taarifa uone namba zilezile za kwenye kasha. Hiyo "5G" nayo si mtandao wa simu. Inakusudiwa Wi-Fi ya 5 GHz, na mara nyingi hata hiyo haimo: ukitafuta mitandao unaona ile ya 2.4 peke yake.

Namba si tatizo kubwa kuliko yote. Kubwa ni idhini. Netflix na Prime Video hutoa picha safi kwa kifaa chenye Widevine, ulinzi wa Google wa kuzuia video kunakiliwa, ngazi ya L1, ambacho wao wenyewe wamekikubali. Boksi lisilo na idhini linabaki ngazi ya L3, na Netflix hapo inaishia kwenye 480p. Unakuwa na TV ya inchi 55, unalipia kifurushi cha juu, na nyuso za watu zinaonekana kama zimepakwa ukungu. Ruta haihusiki na wala kubadilisha kifurushi cha intaneti hakutasaidia. Kukagua ni rahisi: pakua programu ya bure iitwayo DRM Info, utafute mstari wa Widevine, usome kama ni L1 au L3. Kisha fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu, uone kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu hatari. Boksi la Xiaomi halisi linapita yote mawili.

Kuna na hatari isiyoonekana kwenye skrini. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa, yakiwemo maboksi ya TV ya bei rahisi. Vingine vinaambukizwa kabla havijauzwa, vingine wakati mtumiaji anapakua programu anazoelekezwa na boksi lenyewe wakati wa kuliwasha mara ya kwanza. Boksi la namna hiyo linageuza intaneti ya nyumbani kuwa njia ya wahalifu kupitishia shughuli zao. Mwezi uliofuata Google ilifungua kesi Marekani dhidi ya waendeshaji wa mtandao huo, ikisema umeingia kwenye vifaa zaidi ya milioni 10 visivyo na idhini. Dalili za kuangalia: boksi linakutaka uzime Play Protect, lina duka la programu usilolijua, au linauzwa kwa ahadi ya chaneli zote za kulipia bila malipo. Kwa anayetumia bando kuna dalili ya nne, data kuisha usiku boksi likiwa limewashwa na hakuna anayetazama.

Turudi kwenye GB 8 za Xiaomi. Mfumo wenyewe unachukua karibu nusu, na masasisho ya programu za Google yanaendelea kumega kilichobaki. Weka Netflix, Prime Video, programu ya mpira, VLC na michezo miwili ya watoto, umefika ukingoni. Nafasi ikibana, dalili huja kwa mpangilio unaofanana: kwanza Play Store inagoma kusasisha, kisha programu zinafunguka na kujifunga zenyewe, mwisho skrini ya mwanzo inachelewa kuitikia rimoti. Hapo ndipo fundi anaambiwa boksi limekufa, kumbe limejaa.

Tiba yake inafanyika nyumbani. Fungua mipangilio, sehemu ya mfumo, kisha hifadhi, uone programu zipi zimekula zaidi. Futa kashe (mafaili ya muda) ya kila moja, ukianza na YouTube na Netflix. Ondoa usizotumia, na zile zilizokuja na boksi ambazo haziondoki, zizime. Zima na programu kujisasisha zenyewe, uwe unasasisha moja moja mwishoni mwa wiki. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna hali ya kuonyesha programu pekee. Ukiiwasha, mapendekezo na sehemu kubwa ya matangazo ya skrini ya mwanzo vinaondoka na boksi linapumua. Utapoteza msaidizi wa sauti, jambo ambalo wengi hawatalihisi.

Wengine wanachomeka flashi na kuigeuza iwe hifadhi ya ndani. Inawezekana, ila flashi ya bei ya chini ni mbaya kuliko kukosa nafasi, maana programu inasoma na kuandika vipande vidogo vidogo na flashi hizo ni za polepole kwa kazi hiyo. Chukua ya GB 32 au 64 ya daraja la USB 3 yenye jina, hata kama tundu ni la USB 2.0. Ukishaigeuza usiichomoe ovyo, kwa sababu programu zilizohamia humo zitakosekana. Na flashi ya kutazamia filamu tu isiwe ya FAT32, mfumo ambao haupokei faili linalofika GB 4.

Kukosekana kwa tundu la LAN, yaani la waya wa intaneti, ndiko kunakoniudhi zaidi ya hata hifadhi. Katika nyumba za kupanga zenye ruta ishirini zinazosikika, bendi ya 2.4 GHz ni msongamano mtupu, na 5 GHz ikivuka kuta mbili za tofali inabaki hoi. Adapta ya USB kwenda LAN ya Mbps 100 inatosha kabisa, kwani Netflix inapendekeza Mbps 15 kwa 4K na Mbps 5 kwa 1080p. Ila USB ni moja. Ukitaka flashi na LAN pamoja, nunua habu ya USB yenye adapta yake ya umeme. Habu inayotegemea umeme wa boksi italifanya lijizime na kujiwasha. Kwa wanaobaki na Wi-Fi, lisogeze boksi likae pembeni ya TV badala ya kulibana katikati ya bati la TV na ukuta.

Anayetumia bando asiruke hapa. Kwa hesabu ya Netflix yenyewe, ubora wa juu unakula hadi GB 3 kwa saa kwenye HD na hadi GB 7 kwenye 4K. Bando la GB 20 kwenye 4K halifiki saa 3. Kikomo hakiwekwi kwenye boksi. Ingia akaunti ya Netflix kwa kivinjari cha simu, chagua wasifu, kisha mipangilio ya uchezaji. Daraja la kati linatumia hadi GB 0.7 kwa saa. Rudia kwa kila wasifu, la sivyo watoto wataendelea kwenye daraja la juu. YouTube inapangwa ndani ya video yenyewe, kwenye alama ya gia.

Halafu mpira. Kuna kero ambayo watu huisukumia intaneti: kamera inapofuata mpira kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, picha inarukaruka japo haigandi. Matangazo ya mpira Ulaya na huku kwetu hurushwa kwa picha 50 kwa sekunde, na boksi limewekwa kutoa 60. Ili kujaza pengo, linarudia kila picha ya tano, mara 10 kwa sekunde, na jicho linaona mkwaruzo huo. Kwenye mipangilio ya onyesho na sauti kuna chaguo la kulinganisha kasi ya picha na maudhui. Liwashe. Programu nyingi za matangazo ya moja kwa moja haziliheshimu, kwa hiyo dawa ya hakika ni kubadilisha kwa mkono: nenda kwenye ubora wa picha, chagua 1080p ya 50Hz kabla ya mechi, na urudishe 60Hz baadaye. Tofauti utaiona kwenye pasi ndefu ya kwanza.

Kama 4K haitokei kwenye orodha kabisa, hamisha waya. Kwenye TV nyingi za miaka iliyopita si kila HDMI ina HDCP 2.2, ulinzi wa kunakili unaohitajika kwa 4K, hivyo tafuta tundu lenye maandishi hayo au lililoandikwa 4K 60Hz. Kama boksi linajiwasha upya kila mara, angalia umeme. USB ya TV mara nyingi inatoa nusu ampea tu, haitoshi. Tumia adapta iliyokuja nalo, lipitie kwenye TV guard pamoja na TV, na usilichomoe likiwa linasasisha mfumo. Usiliweke juu ya king'amuzi, vyote viwili hupata moto.

Xiaomi wamesikia sehemu ya malalamiko. Kizazi cha tatu, cha 2025, kina hifadhi ya GB 32 na Wi-Fi 6, lakini RAM ni ileile GB 2 na LAN bado hakuna. Google TV Streamer ya 2024, iliyoanza kwa dola 99.99 Marekani, ina RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 32, LAN na umeme wa USB-C, ila waya wa HDMI haumo kwenye kasha. Huo umeme wa USB-C ndio ningependa uenee kwa wote, kwa sababu adapta ikiungua kwa umeme wa kupanda na kushuka unaweza kupata nyingine nzuri duka la jirani siku hiyohiyo. Apple TV 4K ya 2022 ina kasi kuliko zote hizi, na LAN inapatikana kwenye ile ya GB 128 tu. Bei yake inaielekea nyumba yenye iPhone tayari.

Boksi lijalo la bei ya wastani linatakiwa lije na GB 32, RAM ya GB 4, tundu la LAN, USB mbili, na kipimo cha data kinachoonekana kwenye skrini ya mwanzo, maana huku watu wengi bado wananunua intaneti kwa GB. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji teknolojia mpya.

Kwa leo, mwenye intaneti isiyo na kikomo anayetaka programu nyingi aongeze pesa achukue kizazi cha tatu au Google TV Streamer. Anayehitaji YouTube, Netflix na programu moja ya mpira, kizazi cha pili kinamtosha kikipatikana kwa bei iliyoshuka. Kabla ya kulipa, fungua Play Store kwenye simu au kompyuta ukaone kama programu ya mpira unayolipia inakubali Android TV, kwa sababu nyingine zipo kwa simu pekee. Kisha mwombe muuzaji alichomeke boksi palepale dukani, akupe Wi-Fi, na ukague Play Protect na Widevine. Muuzaji akikataa, nenda duka lingine.