TV ya kununua Mwanza: ipi ianze, ipi ifuate

Kwa sebule ya kawaida, kochi likiwa mita mbili hivi kutoka ukutani, naiweka ya kwanza inchi 43 ya Full HD, yaani nukta 1920 kwa 1080. Inchi 32 nyingi ni 1366 kwa 768 tu, na upungufu huo utauona ukisoma maandishi madogo ya matokeo ya mpira. 4K, yenye nukta mara nne ya Full HD, ni nzuri, ila chaneli nyingi za king'amuzi hazirushwi kwa kiwango hicho. Usiikopee.

Ya pili ni dabo glasi ya inchi 32, yaani yenye kioo cha ziada mbele ya skrini. Mwenye watoto wadogo aipandishe iwe ya kwanza. Kile kioo cha ziada kinapokea rimoti iliyorushwa, maana kioo cha ndani kikipasuka, kukibadilisha kunakaribia bei ya TV mpya. Ila kinaakisi mwanga sana. Kama dirisha lako linatazama ziwa upande wa magharibi, jua la saa kumi jioni litajaa humo. Tafuta pazia zito.

Ya tatu ni ya sola, volti 12, kwa ndugu zetu wa visiwani ambao umeme haujawafikia. Inachomekwa kwenye betri bila inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Kwenye meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, isafiri imesimama, isilazwe.

Mtumba naiweka mwisho. Inchi 55 ya mtumba kwa bei ya 43 mpya inatamanisha, lakini mwambie muuzaji aiwashe nusu saa, aweke picha nyeupe tupu, nawe utazame pembe zilizofifia na mistari.

Yoyote utakayochukua, chukua na kifaa cha kulinda umeme siku hiyohiyo. Mwaka juzi hapa Nyegezi umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, TV yetu ikafa palepale. Dukani wakasema waranti haihusu umeme. Niliumia sana. Fundi alipofungua mgongo, juu ya bodi palikuwa na tabaka la wadudu wa ziwani, wamekauka kama majani ya chai. Walifuata mwanga wakapenya kwenye matundu ya hewa. Kwa hiyo usiibandike karibu na dirisha lisilo na wavu. Mimi nikiona wingu lao linapanda kutoka ziwani, nafunga madirisha kwanza, ndipo nawasha taarifa ya habari ya saa mbili.